Jinsi ya Kuchagua Tochi za Kuzamia Usiku: Mwale, Betri na Oringi

Mzamiaji anayeingia baharini saa 1 usiku anahitaji taa tatu: tochi kuu ya mkononi, tochi ya akiba iliyo tayari kuwaka, na kitaa kidogo cha kufunga kwenye mtungi ili wenzake wamwone. Wengi hutumia pesa zote kwenye ile ya kwanza, huazima ya pili, na ya tatu huisahau. Gawanya bajeti yako kwa taa tatu kabla hujauliza bei ya hata moja. Tochi yoyote inaweza kuzimika, na ikizimika ukiwa mita 15 chini, wingi wa lumeni zake, yaani kiasi cha mwanga wake, haukusaidii kitu. Kinachokusaidia ni ile nyingine.

Mwongozo huu ni wa mzamiaji wa kawaida mwenye cheti, anayezamia na mwenzake kwenye miamba ya matumbawe kama ile ya Unguja, Pemba, Mafia, Watamu au Diani, kina cha mita 5 hadi 18. Wanaoingia mapangoni au ndani ya meli zilizozama wana kanuni kali zaidi. Huko tochi mbili za akiba kwa kila mtu ndicho kiwango cha chini.

Hatua ya 1: Yajue maji kabla ya kwenda dukani

Kila punje ya mchanga na kila kiumbe kidogo kinachoelea hurudisha sehemu ya mwanga machoni pako. Mwale ukiwa mpana na mkali, chembe zilizo karibu na uso wako ndizo zinazong'aa kwanza, na mwamba ulio mbele unapotea. Dereva aliyewasha taa kubwa kwenye ukungu wa Lushoto analijua jambo hili: anauona ukungu, barabara haioni.

Kwa hiyo jiulize unazamia wapi na msimu gani. Wakati wa kaskazi, hasa Desemba hadi Machi, maji ya upande wa nje wa miamba yetu huwa safi na unaweza kuona mita 20 na zaidi mchana. Masika ikiingia mambo hugeuka: Rufiji hushusha tope kuelekea Mafia, Sabaki humwaga lake karibu na Malindi, na popote penye mikoko maji hutoka na uchafu wakati wa kupwa. Halafu kuna bamvu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa na kupwa kwa nguvu, mikondo hukaza na mchanga hutifuka. Maji mafu, siku ambazo mwezi ni nusu, ndizo za kupangia mbizi za usiku, na za kwanza hasa.

Ukizamia zaidi kwenye maji safi una uhuru wa kuchagua mwale mpana kiasi. Maji yenye chembe hayakupi uhuru huo. Huko chukua mwale mwembamba. Anayezamia kote kote anunue mwembamba kwanza.

Hatua ya 2: Chagua upana wa mwale

Upana wa mwale huandikwa kwa nyuzi, na ndio tarakimu ya kwanza ya kutafuta kwenye boksi, kabla ya lumeni. Tochi ya nyuzi 10 ikimulika ukuta ulio mita 3 mbele yako hutoa duara la karibu nusu mita. Tochi ya nyuzi 60 kwa umbali huohuo hutoa duara la mita 3 na nusu hivi, eneo kubwa mara 40 na zaidi. Kama zote mbili zina lumeni 1000, mwanga uleule umetandazwa kwenye eneo lote hilo kubwa. Ndiyo maana tochi ya picha yenye tarakimu kubwa huonekana hafifu ukitaka kumulika pango lililo mita 6 mbele.

Kwa tochi kuu, nyuzi 8 hadi 15 zinafaa watu wengi, mradi kiini cha mwale kizungukwe na mwanga laini wa pembeni. Kiini kinapenya na kufika mbali. Mwanga wa pembeni unakuonyesha uko umbali gani na mwamba ili usiupige kwa mapezi. Tochi yenye kiini kikali kisicho na mwanga wowote wa pembeni humfanya mzamiaji asiyezoea ahisi anachungulia kwenye bomba, na hapo ndipo wengi hugonga matumbawe kwa goti.

Mwale mwembamba una kazi nyingine ambayo mwale mpana hauiwezi: kuzungumza. Usiku ishara za mikono hazionekani, hivyo duara la mwanga kwenye mchanga ndilo linalosema. Kuzungusha duara taratibu ni kusema niko salama. Kupeperusha mwale haraka kushoto na kulia mbele ya mwenzako ni kuita msaada. Kubalianeni ishara hizi mkiwa bado kwenye mashua, maana viongozi wa mbizi hawafundishi zote kwa namna moja. Mwale wa nyuzi 90 hauchori duara lolote. Ukiupeperusha, mwenzako anaona tu kwamba bahari imeng'aa kidogo.

Nyuzi 60 hadi 120 ziachie kazi ya video na picha. Taa za namna hiyo hufungwa kwenye fremu ya kamera, pembeni na mbali na lenzi, ili mwanga uingie kwa mshazari na usiwashe chembe zilizo mbele ya lenzi. Hazichukui nafasi ya tochi kuu.

Hatua ya 3: Pima nguvu, na uzikague tarakimu za muuzaji

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Kandela ni ukali wa mwanga katikati ya mwale. Muuzaji akikutajia lumeni peke yake bila nyuzi wala kandela, amekupa nusu ya habari. Ukiwa na kandela unaweza kupiga hesabu mwenyewe: gawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu ni luksi, yaani mwanga unaofika kwenye kitu unachomulika. Tochi ya kandela 9000 hutoa luksi 9000 kwa mita 1, na luksi 1000 tu kwa mita 3. Hiyo ni hewani. Majini hupungua zaidi, kwa sababu maji nayo hunyonya mwanga.

Kwa miamba yetu, tochi kuu ya lumeni 800 hadi 1500 inatosha, na iwe na angalau viwango viwili vya mwanga. Kiwango cha chini, lumeni 200 hadi 400, ndicho utakachotumia muda mwingi baada ya macho kuzoea giza. Kile cha juu kiweke kwa ajili ya kushuka, kumtafuta mwenzako na kumulika mbali. Tochi isiyo na kiwango cha chini ina ubaya wake: mwanga mkali kwa karibu huruka kwenye mchanga mweupe na kukupofusha wewe mwenyewe, huwapofusha wenzako, na hufukuza pweza uliyekuja kumtazama. Baadhi ya pono hulala ndani ya utando wa ute waliojifunika wenyewe; ukiwamulika kwa kiini cha tochi wanaamka na kukimbia gizani hovyo. Kolekole nao hufuata wazamiaji na kuwinda kile kinachomulikwa. Pitisha ukingo wa mwale, si kiini, na usikae juu ya samaki aliyelala.

Sasa tarakimu za uongo. Kwenye masoko ya mtandaoni utakuta tochi ndogo ya betri moja imeandikwa lumeni 10,000. Piga hesabu. Taa ya LED ya kawaida, ukitoa kinachopotea kwenye lenzi na saketi, hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 10,000 zinahitaji wati 100. Betri moja nzuri ya lithiamu ya aina ya 18650 ina nishati ya wati-saa 12 na nusu hivi. Hata kama ingeweza kusukuma wati 100, ingekwisha ndani ya dakika 8, na kabla ya hapo tochi ingeungua. Tarakimu hiyo haiwezekani, na aliyeidanganya tarakimu hiyo usimwamini pia anapoandika mita 100 za kina.

Afadhali tochi iliyopimwa kwa ANSI FL1, kiwango cha Marekani cha kupima tochi. Huko mwanga hupimwa baada ya taa kuwaka kati ya sekunde 30 na dakika 2, inapokuwa imeanza kupata joto. Lakini soma muda wa kuwaka kwa uangalifu: kiwango hicho huhesabu hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Boksi likisema saa 3, huenda mwanga mzuri ni saa moja tu na zilizobaki ni za kufifia. Tafuta mchoro unaoonyesha mwanga unavyoshuka. Mstari uliolala sawa kisha ukaanguka ni tochi inayoshikilia nguvu yake hadi mwisho. Mstari unaoteremka tangu mwanzo ni tochi inayofifia polepole. Ile ya kwanza hufanya kazi nzuri zaidi, ila huzimika ghafla, kwa hiyo iwe na kitaa cha kuonyesha betri imebaki kiasi gani.

Kuhusu rangi: mwanga mweupe wa kati ya kelvini 5000 na 6500 unafaa kwa kazi zote. Maji hula rangi nyekundu ndani ya mita chache za mwanzo, hivyo tochi yenye uwezo mzuri wa kuonyesha rangi, CRI 80 na kwenda juu, itakuonyesha sponji nyekundu ikiwa nyekundu kweli, mradi uisogelee mita moja au mbili. Taa nyekundu ni nzuri kwa wapiga picha, maana viumbe wengi hawashtuki wanapomulikwa nayo, lakini haifiki mbali. Isiwe tochi yako ya pekee. Taa ya bluu inayofanya matumbawe yang'ae rangi za ajabu inahitaji kichujio cha njano juu ya miwani. Bila kichujio utaona bluu tupu. Hicho ni kifaa cha tatu au cha nne, ununue ukishazoea giza.

Hatua ya 4: Hesabu ya betri

Betri za lithiamu za duara ndizo zinazotumika sana sasa. 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. 21700 ni milimita 21 kwa 70. 26650 ni nene kuliko hizo mbili. Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh, na 18650 nyingi za kweli zina mAh 3500 hivi au pungufu. Ukiona 18650 iliyoandikwa mAh 9900, iache dukani. Mara nyingi huwa nyepesi isivyo kawaida ukiipima mkononi, na ndani yake nishati haifiki hata theluthi ya ilivyoandikwa.

Hesabu ya muda ni rahisi. Zidisha volti kwa Ah (mAh 1000 ni Ah 1) upate wati-saa: 3.6 mara 3.5 ni 12.6. Tochi ya lumeni 1000 hula wati 10 hivi. Gawanya: saa 1 na dakika 15. Ukitumia 21700 ya Ah 5 unapata wati-saa 18, yaani karibu saa 1 na dakika 48. Betri ikizeeka, punguza robo. Mbizi ya usiku huchukua dakika 40 hadi 50, ongeza muda wa kuelea juu mkingoja mashua na kuimulikia nahodha. Tochi kuu iwe na uwezo wa kuwaka mara mbili ya muda wa mbizi, kwa kiwango utakachokitumia kweli.

Pendelea tochi ya betri moja kubwa badala ya betri nne ndogo zilizopangwa mfululizo. Kwenye mfululizo, betri moja dhaifu ikimalizika kabla ya nyingine, zile zenye nguvu huilazimisha kwenda kinyume, inapata joto, inatoa gesi, na tochi iliyofungwa kwa oringi, zile pete za raba zinazozuia maji, haina pa kuitolea. Ikiwa tochi yako inatumia betri zaidi ya moja, zinunue pamoja, zichaji pamoja, zizeeke pamoja. Kamwe usichanganye mpya na ya zamani.

Kosa jingine hutokea dukani. Betri yenye saketi ya kinga ni ndefu kuliko isiyo nayo, karibu milimita 69 au 70 badala ya 65. Ukiilazimisha kwenye tochi isiyotengenezwa kwa urefu huo, kifuniko hakifiki mwisho wa uzi, oringi haikai mahali pake, na maji yanaingia. Nenda dukani na tochi yenyewe, funga kifuniko kwa mkono, uone kama pengo limeisha.

Tochi ambazo betri haitoki, zinazochajiwa kwa tundu la USB lililofunikwa kwa raba, zikwepe kama una chaguo. Chumvi hujipenyeza chini ya raba, pini zinaota kutu ya kijani, na siku moja haichaji tena. Betri inayotoka unaweza kuwa nazo mbili na kuichaji nje ya tochi kwenye chaja inayokata yenyewe ikifika volti 4.2. Visiwani ambako umeme hukatika, chaji asubuhi. Usisubiri saa 11 jioni.

Hatua ya 5: Kagua mwili, swichi na oringi

Alama ya IP68 au IPX8 si kibali cha kuzamia. Inasema kifaa kilivumilia kuzamishwa kwa kina na muda aliouamua mtengenezaji mwenyewe, na mara nyingi ni mita chache kwenye maji yaliyotulia. Tochi ya kuzamia huandikwa kina kwa mita waziwazi. Tafuta mita 100. Huendi huko, lakini kila mita 10 huongeza bari moja ya shinikizo, na unataka nafasi kubwa kati ya pale unapofika na pale tochi inaposhindwa.

Alumini iliyopakwa kwa umeme ni nyepesi na hupoza LED vizuri, ila ikikwaruzwa chumvi huanza kuitafuna pale kwenye mkwaruzo. Plastiki ngumu haiozi, lakini haitoi joto haraka, hivyo inafaa zaidi kwa tochi za nguvu ndogo. Tochi nyingi za kuzamia zinategemea maji kuzipoza. Ukiiwasha kwa kiwango cha juu mezani kuwaonyesha marafiki, LED inaweza kuungua kama haina kinga ya joto ndani yake. Muulize muuzaji kama ipo. Asipojua, majaribio ya nchi kavu yasizidi sekunde chache.

Swichi ziko za aina tatu kuu. Ya kuzungusha kichwa ni rahisi na haina tundu la ziada, ila ukiizungusha kupita kiasi ukiwa chini, kichwa kinalegea na maji yanaingia. Isitoshe, shinikizo linaweza kukisukuma kichwa na tochi ikajiwasha. Ya kubonyeza ina raba au oringi yake ambayo nayo huzeeka. Ya sumaku, ya kuteleza au ya pete, haitoboi mwili kabisa, na hiyo ndiyo ya kuipa nafasi ya kwanza. Tatizo lake ni chumvi na mchanga kukwama chini ya kitelezi, jambo linalokwisha kwa kuisuuza. Swichi ya aina yoyote iwe na kufuli ya safarini, na uijaribu kwa mkono mmoja uliovaa glavu.

Oringi ndizo zinazoamua. Fungua tochi dukani. Unataka kuona oringi mbili kwenye kifuniko, si moja, na njia zake ziwe laini bila alama za kukwangua. Uliza kama oringi za akiba zimo kwenye boksi, na ni za aina gani, maana grisi hufuata aina: grisi ya silikoni inafaa kwa oringi nyeusi za naitraili, lakini oringi za silikoni huvimba zikipakwa grisi hiyohiyo. Hapo tumia ile aliyoitaja mtengenezaji.

Hatua ya 6: Tochi ya akiba

Lumeni 200 hadi 500, mwale mwembamba, swichi rahisi kuliko zote, na mwili mdogo unaokaa bila kuning'inia. Nguvu si hoja hapa. Hoja ni kwamba ukiibonyeza itawaka, na utaipata bila kuitafuta. Ifunge kwa kulabu kwenye pete ya kifuani ya jaketi lako la kuelea, na utepe wa raba uishikilie ilale mwilini. Tochi ya akiba iliyowekwa mfukoni chini ya boya na kamba haipatikani gizani kwa mkono mmoja.

Ikiwezekana itumie betri ya aina ileile ya tochi kuu, ili betri moja ya ziada izitoshe zote. Tochi kuu ikizimika: washa ya akiba, mpe mwenzako ishara, mmalize mbizi. Usiendelee kwa tochi moja kwa sababu mwamba unapendeza.

Hatua ya 7: Kitaa cha mtungi

Hiki ni kidogo na bei yake ni ndogo, lakini ndicho kinachomwezesha kiongozi kuhesabu watu wake. Funga kwenye valvu ya mtungi au juu ya jaketi, kwa nyuma, kionekane hata ukiwa umeinamia mwamba. Chagua cha kuwaka mfululizo. Taa za kumweka-mweka huchosha macho ya kundi zima, na wengi huziacha ziwe ishara ya dharura juu ya maji. Mahali ambapo boti mbili huleta wazamiaji usiku mmoja, kundi moja livae kijani na jingine bluu. Watu hupanda mashua isiyo yao mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Vijiti vya kemikali vinavyong'aa vikivunjwa hutumika mara moja na kubaki taka za plastiki. Kitaa cha LED cha betri ndogo kinadumu misimu mingi.

Mshauri nahodha aning'inize taa moja ya rangi tofauti kwenye amari, mita 5 chini ya mashua. Ndipo mtakaposimama kabla ya kupanda juu, na mtaiona toka mbali.

Hatua ya 8: Jinsi ya kuishika

Tochi ya mshiko wa bastola ni rahisi kwa mwanzo lakini inakumaliza mkono mzima. Kishikio cha kuvaa kiganjani huiweka tochi juu ya mgongo wa mkono na kuviacha vidole huru kubonyeza vali ya jaketi au kumshika mwenzako. Ukishakizoea hutarudi nyuma. Ugwe wa mkononi uwe na kikazio ili tochi isichomoke, lakini uweze kujinasua ukinaswa. Ugwe mrefu unaoiacha tochi ining'inie nusu mita chini yako utaipiga kwenye matumbawe mbizi nzima.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kuitegemea

Fungua tochi mahali pakavu pasipo upepo wa mchanga. Toa oringi kwa ukingo wa kadi ya plastiki, sindano huikwaruza. Ipitishe kati ya vidole viwili vilivyo safi, polepole, duara zima. Kidole huhisi mchubuko ambao jicho halioni. Futa njia yake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Unywele mmoja uliolala juu ya oringi unatosha kupitisha maji. Paka grisi kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Mabonge ya grisi hayazibi chochote, yanakusanya mchanga. Funga kwa mkono hadi mwisho na uishie hapo. Koleo haitakiwi.

Kisha toa betri, weka kipande cha karatasi ya chooni ndani, funga, na uizamishe kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa. Halafu ibebe hivyohivyo kwenye mbizi ya mchana. Zote mbili zinahitajika: kuna uvujaji unaotokea mita moja tu chini, kwa sababu shinikizo dogo halijaibana oringi ikae sawa, na kuna ule unaotokea mita 15. Karatasi ikitoka kavu, weka betri. Usiku wa kwanza zama mwamba ambao umeshauzamia mchana, ingia wakati wa machweo, saa 12 na nusu jioni hivi, na macho yako yazoee giza likija lenyewe.

Mwenzako akipotea, ibane tochi kifuani ifunike mwanga wake, usiizime. Geuka taratibu duara zima ukitafuta mng'ao wa tochi yake. Baada ya dakika moja bila kumwona, panda juu kwa mwendo salama. Naye atafanya vivyo hivyo.

Hatua ya 10: Baada ya mbizi

Iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa nusu saa ikiwa imefungwa, ukiichezesha swichi ya sumaku huku na huku. Ikaushe, ndipo uifungue, upande unaofunguka ukielekea chini ili tone lolote lianguke nje na lisiingie. Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, toa betri na uihifadhi ikiwa na chaji ya nusu hivi. Betri ya lithiamu iliyojazwa kabisa na kuachwa kwenye joto la pwani huzeeka haraka. Badilisha oringi kila mwaka hata kama zinaonekana nzima.

Ukisafiri kwa ndege, betri za ziada hupanda nawe kwenye mkoba wa mkononi, kila moja imefunikwa ncha zake kwa utepe. Hadi wati-saa 100 kwa betri hakuna kibali kinachohitajika. Kati ya 100 na 160 omba idhini ya shirika la ndege mapema.

Na ikitokea maji yameingia ukiwa chini, izime, washa ya akiba, malizeni mbizi. Juu, usiifungue mashuani kwenye msongamano. Maji ya chumvi yakikutana na betri hutengeneza gesi, na gesi hiyo imefungiwa ndani. Ielekeze mbali na uso wako na watu wengine, ilegeze uzi kwa robo ya mzunguko, usubiri itoe pumzi, kisha endelea kidogo kidogo. Betri iliyolowa usiichaji tena. Ipeleke inakopokelewa betri chakavu. Mwili wa tochi suuza kwa maji safi siku hiyohiyo, kausha kwa siku mbili kivulini, na huenda oringi mpya na betri mpya vikairudisha kazini, lakini ianze tena na karatasi na ndoo.